Jenerali de Gaulle na Binti Yake Anne

Jina la Jenerali Charles de Gaulle wa Ufaransa halihitaji kutambulishwa kwa askari. Wengi wamesoma habari za vifaru vyake, za hotuba yake ya redio ya tarehe 18 Juni 1940, na jinsi alivyoinua tena bendera ya nchi ambayo ilikuwa imekwisha kushindwa. Lakini iko sehemu moja ya maisha yake ambayo haifundishwi darasani wala haitajwi kwenye gwaride. Nayo ni ile miaka 20 aliyoishi na mtoto wake wa mwisho, Anne, aliyezaliwa na ulemavu wa akili.

Makala haya yanasimulia maisha ya jenerali huyo kwa kuifuata njia hiyo. Ndani yake limo swali ambalo familia za askari na polisi hukutana nalo ghafla, mara nyingi kando ya kitanda cha hospitali: maisha ya mtoto wa namna hii yana thamani gani, na ni nani anayeweza kuipima?

KIJANA WA SAINT-CYR

Charles de Gaulle alizaliwa katika mji wa Lille, kaskazini mwa Ufaransa, tarehe 22 Novemba 1890. Baba yake alikuwa mwalimu. Mwaka 1909 alifaulu mtihani wa kuingia chuo cha kijeshi cha Saint-Cyr, na kama ilivyokuwa desturi ya siku zile, alianza kwa kutumika mwaka mmoja miongoni mwa askari wa kawaida, katika Rejimenti ya 33 ya askari wa miguu. Alihitimu mwaka 1912 akarudi katika rejimenti ile ile akiwa ofisa.

Vita Kuu ya Kwanza ilipozuka mwaka 1914, alijeruhiwa mapema katika mapigano ya Dinant, nchini Ubelgiji. Mwaka uliofuata alijeruhiwa tena. Tarehe 2 Machi 1916, katika mapambano makali ya Verdun, alijeruhiwa mara ya tatu, akatekwa na Wajerumani. Alikaa mateka kwa miezi 32. Alijaribu kutoroka mara tano, na kila mara alikamatwa, kwa kuwa kimo chake cha karibu mita mbili hakikufichika mahali popote.

Baada ya vita alitumika Poland, na mwezi Aprili 1921 alimwoa Yvonne Vendroux katika mji wa Calais. Walijaliwa mtoto wa kiume, Philippe, mwishoni mwa mwaka ule ule, na binti, Élisabeth, mwaka 1924. Hadi hapo maisha yao yalikuwa kama ya familia yoyote ya ofisa: mshahara wa kadiri, nyumba za kupanga, na mizigo inayofungwa na kufunguliwa kila uhamisho unapotoka.

MTOTO ALIYEZALIWA TRIER

Mwishoni mwa mwaka 1927, de Gaulle, akiwa na cheo cha meja, alikabidhiwa kuongoza Batalioni ya 19 ya askari wa miguu katika mji wa Trier, Ujerumani, ambako jeshi la Ufaransa lilikuwa likikalia eneo la mto Rhine kufuatana na mapatano ya amani. Alikuwa kamanda mkali. Lakini katika majira ya baridi ya mwaka 1928 kuelekea 1929, homa ya mafua ilipowaua baadhi ya askari wake, yeye mwenyewe alivaa alama ya maombolezo kwa ajili ya askari mmoja yatima ambaye hakuwa na ndugu wa kumlilia. Habari hiyo ilifika hata bungeni.

Katika mji huo wa Trier, tarehe 1 Januari 1928, ndipo alipozaliwa Anne. Haukupita muda mrefu wazazi wakatambua kwamba mtoto wao hakufanana na wale wawili waliomtangulia. Anne alikuwa na ile hali ambayo leo huitwa hali ya Down, kwa jina la daktari Mwingereza John Langdon Down aliyeieleza kwa mara ya kwanza mwaka 1866. Mtoto mwenye hali hiyo huchelewa kukaa, kutembea na kusema. Uwezo wake wa kujifunza huwa mdogo kuliko wa wenzake, na mwili wake hushambuliwa kwa urahisi na maradhi ya kifua.

Kwa Anne hali hiyo ilikuwa nzito. Hata alipokuwa msichana mkubwa hakuweza kula bila msaada, maneno yake yalikuwa machache na yasiyoeleweka vizuri, na macho yake yalikuwa dhaifu.

MADAKTARI NA WAZAZI

Wazazi walikwenda kwa madaktari kama ambavyo mzazi yeyote angefanya. Madaktari hawakuwa na dawa, tena hawakuwa na maelezo. Katika mwaka 1928 hakuna aliyekuwa akijua chanzo cha hali ya Down. Palipokosekana elimu, dhana zilishika nafasi yake: wengine waliilaumu pombe ya baba, wengine kaswende, wengine udhaifu wa ukoo, na wengine mshtuko alioupata mama akiwa mjamzito. Kila mojawapo ya dhana hizo ilimtupia mzazi lawama, na lawama huzaa aibu. Aibu nayo humfungia mtoto chumba cha nyuma wageni wanapobisha hodi.

Shauri la kawaida la siku zile, hasa kwa familia zenye jina, lilikuwa kumpeleka mtoto wa namna hiyo katika nyumba maalumu, mbali na macho ya watu, akae humo mpaka afe. Wala hawakutarajiwa kuishi siku nyingi: takwimu za madaktari za mwaka 1929 zilionyesha kuwa watu wenye hali ya Down waliishi kwa wastani wa miaka tisa tu.

Ni lazima tuwatendee haki madaktari wale. Wengi wao hawakuwa watu wakatili. Waliona mtoto ambaye hatasoma, hataoa wala kuolewa, hatajitegemea, na pengine atakufa angali mdogo. Wakatazama na wazazi, wakaona miaka ya kuchoka. Walipojumlisha hesabu hiyo, jibu walilolipata lilikuwa hasara tupu. Lakini hesabu yao ilikuwa na kasoro moja kubwa. Waliyaandika yale yote ambayo mtoto hatayaweza, wasiandike hata moja kati ya yale anayoyaweza, kwa sababu hawakuwahi kukaa naye jioni moja nyumbani. Wahenga walisema kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Hujui vilevile usingizi wake.

Charles na Yvonne de Gaulle waliamua kwamba Anne atakaa nyumbani, na kwamba atalelewa sawa na kaka yake na dada yake. Hawakujidanganya kwamba atapona. Mama alipata kumwandikia rafiki yake kwamba wao wangekuwa tayari kuacha cheo, mali na kila kitu kama kufanya hivyo kungeipa afueni hali ya mtoto wao. Maneno hayo yanaonyesha kuwa uchungu ulikuwapo, tena mwingi. Uamuzi wa kumlea nyumbani haukuondoa uchungu huo. Uliondoa aibu peke yake.

MTOTO KATIKA KILA UHAMISHO

Mwaka 1929 de Gaulle alihamishiwa Beirut, katika makao makuu ya majeshi ya Ufaransa nchini Lebanoni na Syria. Ofisa mwingine angeweza kumwacha mtoto mgonjwa kwa jamaa. De Gaulle alisafiri na familia yake nzima kwa meli, Anne akiwa bado hajatimiza miaka miwili. Walikaa huko hadi mwaka 1931, kisha wakarejea Paris, ambako baba alipewa kazi katika ofisi ya ulinzi wa taifa.

Waliomfahamu nyumbani wamesimulia mambo ambayo askari wake wasingeyasadiki. Mtu yule mrefu, mwenye uso mkavu, aliyeogopwa na maofisa wadogo na kuwachukiza wakubwa kwa kiburi chake, alikuwa akirudi jioni na kumpakata Anne. Alimwimbia nyimbo za watoto, akampigia makofi, akamwacha aichezee kofia yake ya kijeshi. Alimshika mkono wakatembea bustanini polepole, kwa mwendo wa mtoto. Katika maneno machache ambayo Anne aliweza kuyatamka sawasawa, mojawapo lilikuwa la kumwita baba.

Imebaki picha moja ya mwaka 1933, iliyopigwa ufukoni Bénodet, katika jimbo la Brittany. De Gaulle amekaa katika kiti cha kitambaa, amevaa suti na kofia kana kwamba yuko kazini, na Anne amekaa mapajani pake. Wanatazamana. Baba hakugeuka kuitazama kamera.

Mwaka 1934 familia ilinunua nyumba kuukuu, isiyo na maji ya bomba, katika kijiji cha Colombey-les-Deux-Églises, mashariki mwa Ufaransa. Nyumba hiyo iliitwa La Boisserie. Sababu mojawapo kubwa ya kuichagua ilikuwa Anne: alihitaji bustani, hewa safi na utulivu, pasipo macho ya wapita njia. Baadaye kijiji hicho kilijulikana duniani kote kama makao ya de Gaulle. Wachache walijua kwamba nyumba hiyo ilichaguliwa pia kwa ajili ya mtoto asiyeweza kusoma jina lake.

VITA NA SAFARI YA BREST

Katika miaka hiyo hiyo de Gaulle alikuwa akiandika vitabu vya mambo ya kijeshi. Katika kile cha mwaka 1934 alidai kwamba Ufaransa iunde jeshi la askari wa kudumu lenye divisheni za vifaru. Wakubwa hawakumsikiliza. Mwaka 1937 alipewa rejimenti ya vifaru mjini Metz, na mwezi Mei 1940, Wajerumani walipovunja ngome za Ufaransa, aliongoza Divisheni ya 4 ya vifaru katika shambulio la Montcornet. Alipandishwa cheo kuwa brigedia jenerali wa muda, na mwanzoni mwa Juni akaingizwa serikalini kama naibu waziri wa ulinzi.

Hata katika siku zile za moto hakumsahau Anne. Alipata kumweleza kasisi wa jeshi lake kwamba mtoto yule alikuwa jaribu zito kwake, lakini pia neema, kwa kuwa alimfundisha kuzishinda fahari na fedheha zote za dunia.

Tarehe 17 Juni 1940, serikali mpya ya Marshali Pétain ilipoomba masharti ya kusimamisha vita, de Gaulle alipanda ndege kwenda London. Siku ya pili yake alizungumza katika redio ya BBC, akiwaita Wafaransa waendelee kupigana. Mkewe na watoto walikuwa Brittany, hawana habari. Ndege ya Waingereza iliyotumwa kuwachukua ilianguka, na watu wote wanne waliokuwa ndani yake wakafa. Bibi Yvonne, bila kungoja amri ya mtu, aliwachukua watoto watatu pamoja na mlezi wa Anne, akafika bandari ya Brest, akapata nafasi katika meli. Walishuka Falmouth, Uingereza, wakati majeshi ya Hitler yakiikaribia bandari waliyotoka.

Askari anayejua maana ya kuwaondoa raia katika eneo la vita na aufikirie mzigo wa mama yule. Barabara zimejaa wakimbizi, meli za mwisho zinaondoka, naye ana msichana wa miaka 12 asiyeelewa kwa nini wanakimbia. Nchini Uingereza walikaa kwanza karibu na London, kisha wakahamia mashambani, mbali na mabomu. Mwaka 1943 de Gaulle alipohamishia makao yake Algiers, Anne naye alipelekwa huko. Baba alikuwa amehukumiwa kifo na mahakama ya kijeshi ya serikali ya Pétain, alikuwa akigombana na Waingereza na Wamarekani, na alikuwa akiyaunganisha makoloni ya Afrika, kuanzia Chad hadi Brazzaville kwenye ukingo wa mto Kongo. Hata hivyo, kila alipokuwa nyumbani, saa ya Anne ilibaki kuwa saa ya Anne.

HESABU YA BERLIN

Hapa yafaa tukumbuke kilichokuwa kikitendeka katika nchi ambayo Anne alizaliwa. Tarehe 18 Agosti 1939, kabla ya vita kuanza, wizara ya mambo ya ndani ya Ujerumani ilitoa waraka wa siri. Uliwaamuru wakunga na madaktari kutoa taarifa za watoto wachanga na wadogo wenye ulemavu, na hali aliyozaliwa nayo Anne ilitajwa waziwazi katika orodha. Fomu hizo zilipelekwa Berlin. Huko madaktari watatu, ambao hawakumwona mtoto wala hawakuwauliza wazazi wake neno lolote, waliweka alama ya kujumlisha au ya kutoa. Alama ya kujumlisha ilikuwa hukumu ya kifo.

Watoto wasiopungua 5,000 waliuawa kwa mpango huo, kwa sindano, kwa dawa au kwa njaa, katika wodi za hospitali. Watu wazima walifuata: hadi mwezi Agosti 1941, zaidi ya watu 70,000 wenye maradhi ya akili na ulemavu walikuwa wameuawa kwa gesi. Nchini Ufaransa kwenyewe, wakati Wajerumani walipoikalia, makumi ya maelfu ya wagonjwa waliofungiwa katika hospitali za akili walikufa kwa njaa na baridi.

Hatusemi kwamba daktari wa Paris wa mwaka 1928, aliyeshauri mtoto apelekwe mbali, alikuwa sawa na muuaji wa Berlin. Sivyo. Lakini makosa yote mawili yalianzia mahali pamoja, yaani katika kuamini kwamba mtu aliyesimama nje anaweza kuipima thamani ya maisha ya mwingine kwa fomu. Mwanzo wake ulikuwa huruma isiyo na ujuzi, na mwisho wake ukawa tanuri. De Gaulle alipigana na dola iliyofanya mambo hayo huku nyumbani kwake akiishi mtoto wa aina ile ile ambayo dola hiyo iliiona haifai kuishi.

SWALI LA NANI ATABAKI NAYE

Paris ilikombolewa mwezi Agosti 1944. De Gaulle aliongoza serikali hadi tarehe 20 Januari 1946, alipojiuzulu. Mwezi Mei mwaka huo familia ilirudi La Boisserie, iliyokuwa imeharibiwa wakati wa vita na ikakarabatiwa.

Wakati huo wazazi walikuwa wakisumbuliwa na jambo jingine, ambalo kila mzazi wa mtoto mlemavu hulijua, nalo huja usiku taa zikiisha kuzimwa: sisi tukifa, nani atamwogesha? Nani atamlisha? Nani atajua kwamba akilia namna hii ana kiu, na akilia namna ile ana hofu? Ofisa aliyeiona mizinga ya Verdun alikuwa na hofu hiyo sawasawa na mlinzi wa lango la kambi.

Jibu lao lilikuwa la vitendo. Kuanzia mwaka 1945 walianzisha mfuko uliopewa jina la Anne, na wakapata jumba la Vert-Cœur, huko Milon-la-Chapelle, si mbali na Paris, liwe makao ya wasichana wenye ulemavu wa akili ambao familia zao hazikuwa na uwezo. Watawa waliwatunza. Bibi Yvonne aliifuatilia kazi hiyo yeye mwenyewe. Mtunza hazina alikuwa Georges Pompidou, ambaye baadaye alikuwa waziri mkuu na kisha rais wa Ufaransa. De Gaulle alipochapisha vitabu vyake vya kumbukumbu za vita, kuanzia mwaka 1954, mapato yake aliyaelekeza katika mfuko huo. Mfuko ungalipo, na unaendelea kuwahudumia watu wenye ulemavu wa akili.

Anne mwenyewe hakuhitaji kubaki yatima. Tarehe 6 Februari 1948 alifariki nyumbani Colombey kwa ugonjwa wa mapafu, wazazi wake wakiwa naye, akiwa na umri wa miaka 20. Alikuwa ameishi zaidi ya mara mbili ya wastani uliotajwa na madaktari. Alizikwa katika makaburi ya kijiji.

KABURI LA JENERALI

De Gaulle alirudi madarakani mwaka 1958, na tarehe 8 Januari 1959 akaapishwa kuwa rais. Siku chache baadaye, tarehe 26 Januari, taarifa ya Jérôme Lejeune, Marthe Gautier na Raymond Turpin ilitolewa katika Chuo cha Sayansi mjini Paris. Ilieleza kwamba watoto wenye hali ya Down wana kromosomu 47 badala ya 46 katika chembechembe za mwili wao, ile ya ziada ikiwa ni nyongeza ya kromosomu ya 21. Hivyo ikadhihirika kwamba haikuwa pombe, wala kaswende, wala laana ya ukoo. Miaka 31 baada ya Trier, sayansi iliwaondolea wazazi lawama ambayo kamwe haikuwa yao.

De Gaulle aliacha urais mwezi Aprili 1969, akafariki La Boisserie tarehe 9 Novemba 1970. Wosia wake ulikuwa umeandikwa tangu mwaka 1952. Hakutaka mazishi ya kitaifa, wala marais, wala mawaziri, wala hotuba. Majeshi ya Ufaransa aliyaruhusu yawepo, lakini kwa kikosi kidogo, bila bendi. Aliagiza azikwe Colombey, katika kaburi alimolala Anne. Jeneza lake lilipakiwa juu ya gari la deraya, na vijana wa kijiji wakalibeba hadi kaburini. Wakuu wa dunia walikusanyika Paris katika kanisa la Notre-Dame bila maiti mbele yao. Bibi Yvonne aliwafuata mwaka 1979, akazikwa hapo hapo.

ELIMU YA SIKU HIZI

Tangu wakati huo mengi yamebadilika. Katika nchi zenye hospitali nzuri, mtu mwenye hali ya Down sasa huishi kwa wastani wa miaka ipatayo 60. Kromosomu ile haikuondolewa. Kilichobadilika ni matunzo: moyo hupasuliwa na kurekebishwa mapema, maana karibu nusu ya watoto hawa huzaliwa na kasoro ya moyo, kifua hutibiwa kwa dawa, masikio na macho hupimwa, na mtoto hukaa kwao badala ya kufungiwa.

Watafiti pia wamelirudia lile swali la thamani ya maisha, na safari hii wamewauliza wahusika wenyewe. Mwaka 1999 nchini Kanada ulitolewa uchunguzi uliowalinganisha madaktari na wauguzi wa watoto wachanga, wazazi, na vijana wenyewe. Madaktari na wauguzi waliyapa maisha yenye ulemavu mkubwa alama za chini kuliko walivyofanya wazazi na vijana. Mwaka 2007 katika Ulaya, watoto 500 wenye mtindio wa ubongo walioweza kujieleza waliulizwa juu ya maisha yao. Majibu yao, kwa sehemu kubwa, yalilingana na ya watoto wengine wa rika lao. Mwaka 2011 huko Marekani, wazazi 2,044 wa watu wenye hali ya Down walijibu maswali. Waliojuta kuwa na mtoto huyo walikuwa asilimia 4. Na kati ya wenye hali hiyo 284 walioulizwa, asilimia 99 walisema wanayafurahia maisha yao.

Takwimu hizo zisomwe kwa uangalifu. Familia zile za Marekani zilikuwa wanachama wa vyama vya kusaidiana, na mtu aliyezidiwa na mzigo pengine hakupata hata nafasi ya kujibu. Aidha, wako watoto ambao hali zao ni nzito mno, wenye maumivu, wasioweza kujieleza kabisa, na daktari anayewaambia wazazi ukweli mchungu anawatendea wema. Lakini chanzo cha tofauti ni rahisi kukielewa. Daktari humwona mtoto siku anapougua. Mzazi humwona siku nyingine zote. Wote wawili wanasema kweli, lakini ukweli wa daktari ni wa siku chache.

FUNZO KWA FAMILIA ZA KAMBINI

Askari anayesoma habari hizi anaweza kusema kwamba de Gaulle alikuwa mtu mkubwa, mwenye nyumba, bustani na mlezi wa kulipwa, ilhali yeye ana chumba kimoja katika nyumba za askari na mshahara unaoisha kabla ya mwezi. Hoja hiyo ni ya haki. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na si vema kumsifu mzazi maskini kwa uvumilivu huku tukimwacha peke yake. Ubora wa maisha ya mtoto mlemavu hautegemei kilema chake peke yake. Unategemea kama kliniki iko karibu, kama shule inampokea, kama jirani anamruhusu mtoto wake acheze naye, na kama kamanda anaielewa familia hiyo uhamisho unapotoka. Uganda iliridhia mwaka 2008 Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 2006 kuhusu haki za watu wenye ulemavu, lakini mkataba haubishi hodi nyumbani kwa mtu. Jirani ndiye anayebisha.

Yako pia mambo ambayo hayahitaji cheo wala fedha. Mtoto aitwe kwa jina lake, si kwa jina la kilema chake. Asifichwe wageni wanapokuja. Apelekwe kupimwa moyo, masikio na macho mapema, kwa kuwa maradhi mengi yanayomdhoofisha yana tiba hata kama hali yenyewe haina. Mama asiachiwe mzigo wote, wala asilaumiwe na mume au na wakwe kwa jambo ambalo halikutokana naye. Ndugu wa mtoto huyo waelezwe ukweli na wasinyimwe sehemu yao ya mapenzi. Na swali la nani atabaki naye liulizwe mapema, wazazi wangali hai na wenye nguvu, ili jamaa, kanisa au msikiti, na kikosi kizima wajue wajibu wao.

Hujafa hujaumbika, walisema wazee. Mwenye viungo kamili leo aweza kuvipoteza kesho katika doria moja, na siku hiyo atawataka daktari na jamaa zake wamtazame kwa jicho lile ambalo de Gaulle alimtazama nalo Anne: jicho la kumuuliza anahitaji nini leo, kisha kumletea.